Ukileta mada darasani, lete na hesabu yake

Mwalimu mmoja wa Morogoro anafundisha Kiingereza jioni kwa watu wazima: wafanyabiashara wa sokoni, muuguzi, mafundi simu, mhasibu wa Saccos. Ameniandikia kwamba akileta mada ya akili mnemba au uchumi wa dunia, wawili wanaongea na kumi wanaangalia meza. Anauliza kama darasa lake bado halijafikia kiwango cha kujadili mambo ya siku hizi.

Limefikia, mwalimu mwenzangu. Kasoro iko kwenye mada. Mtu akiulizwa "What do you think about artificial intelligence?", hata angejibu kwa Kiswahili angesema ni nzuri ila ina madhara yake, halafu basi. Na kwa aliyesoma sekondari Tanzania kuna tatizo la ziada, mdahalo. Karibu kila mmoja wao alishasimama mbele ya wenzake kubishania kama elimu ni bora kuliko pesa, akaanza na "I stand here to oppose the motion", akamwaga hoja tatu za kukariri, akapigiwa makofi. Ukimpa mada pana anarudi hukohuko kwenye kuhutubia. Wenzake hawana cha kumjibu, maana hajasema kitu ambacho mtu anaweza kukikosoa.

Hesabu inakosoleka. Kwa hiyo mada isiyo na bei, kipimo, muda au kiasi isiingie darasani kwako. Na mwisho wa mada pawe na uamuzi wa kufanya: kukopa au kutokopa, kusaini au kutosaini, kumeza dawa saa ngapi. Ukikosa hivyo viwili, acha mada hiyo hata kama iko kwenye kila gazeti.

Chukua biashara kwanza. Mikopo ya simu ni mada moto: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za kukopesha zisizo na leseni, na Kenya ilikuwa imeshaweka kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022. Hiyo ndiyo habari, lakini habari peke yake haileti mazungumzo. Tengeneza kisa. Mama anauza samaki wa kukaanga. Mtaji umekata Jumanne. Programu inamkopesha shilingi 50,000, inakata 8,000 papo hapo, anapokea 42,000, na baada ya siku saba anarudisha 56,000. Akichelewa, 1,500 kwa siku. Kikundi chake cha VICOBA kinakopesha 50,000 kwa riba ya asilimia 5, ila kinakaa Jumamosi. Akipata mtaji leo, faida yake ni kama 9,000 kwa siku, samaki wakiisha.

Sasa waache wapige hesabu. Darasa zima litaanza kwa kulaani mikopo ya kausha damu, kama inavyotarajiwa. Kisha mmoja atagundua kwamba programu inamgharimu 14,000, yaani theluthi ya alichopokea, lakini kusubiri siku nne kunampotezea 36,000, na riba ya VICOBA 2,500 juu yake. Kwa makaratasi, mkopo mbaya ndio nafuu. Hapo ndipo muuza mitumba aliyenyamaza mwezi mzima atafungua mdomo, kwa sababu anajua kwamba "samaki wakiisha" ni neno kubwa. Mvua ikinyesha je? Mtoto akiugua Alhamisi je? Ndipo sentensi za "if" zinapokuja zenyewe, "If she doesn't sell everything, she will lose...", bila wewe kuchora jedwali la "conditionals" ubaoni.

Chagua hesabu zinazogombana namna hiyo. Ukiweka kisa ambacho jibu linaonekana dakika ya kwanza, kila mtu atakubaliana na mwenzake na muda wote uliobaki utaongea wewe.

Kuhusu uendeshaji, tuchukulie kipindi cha dakika 90 na watu 12. Andika matini yako mwenyewe ya maneno 120 hadi 150, yenye tarakimu nne au tano na maneno mapya yasiyozidi nane. Usinakili habari ya gazeti la Kiingereza. Sentensi zake ni ndefu na zimejaa vyeo vya watu. Usiiandike ubaoni pia, kwani kunakili kutakula dakika 20 na wataandika bila kuelewa. Fotokopi ni gharama, na ukituma kwenye kundi la WhatsApp jana yake nusu watakuja hawajafungua. Isome kwa sauti mara mbili, kwa mwendo wa kawaida. Mara ya kwanza wanasikiliza tu. Mara ya pili wanaandika tarakimu na maneno mafupi, sentensi kamili ni marufuku. Kisha wawili wawili wanaijenga upya kwa maneno yao. Dakika 25 zimeisha na kila mtu ameshika kisa.

Halafu wape dakika tatu za kupanga kwa Kiswahili. Najua wapo wanaoweka faini ya shilingi 500 kwa kila neno la Kiswahili darasani. Faini hiyo inawafundisha watu kunyamaza, na kunyamaza ni bure. Mtu mzima mwenye biashara yake hataki kuonekana mjinga mbele ya kijana wa miaka 20. Mwache apate wazo lake kwanza, lugha itafuata. Dakika ya nne ikianza, ni Kiingereza hadi mwisho.

Makundi yawe ya watu watatu. Kwenye kundi la wanne mmoja hujificha nyuma ya wengine. Wakiwa wawili, mmoja akikwama wote wamekwama. Kila mmoja awe na upande: mama mwenyewe, katibu wa VICOBA, mtoto wa mama huyo anayeshika simu. Wakimaliza, fanya ile inayoitwa 4/3/2. Kila mtu anaeleza uamuzi wake kwa dakika nne kwa mwenzake, kisha kilekile kwa dakika tatu kwa mtu mwingine, kisha dakika mbili kwa wa tatu. Wazo halibadiliki, kwa hiyo kichwa kinabaki na nafasi ya kushughulikia maneno. Raundi ya tatu utawasikia wenyewe wakienda bila "eeeh". Inayoharibu zoezi hili ni saa: ukiwaongezea dakika kwa huruma, raundi ya tatu inakuwa hotuba tena.

Tarakimu zenyewe nazo zinahitaji mazoezi kabla. Wengi wanakwama kwenye laki. Anayefikiri "milioni moja na laki mbili" anatoa "one million and two..." halafu anatafuta neno ambalo halipo. Dakika tano za mwanzo andika ubaoni 250,000, 700,000, 1,200,000 na uwarushie mmoja mmoja hadi watamke bila kutulia. Fanya hivyo pia kwa fifteen na fifty, thirteen na thirty. Anayeweka mkazo silabi ya kwanza kwa zote, fifteen yake itasikika fifty, na cha kumi na tano mteja atadhani ni hamsini. Na "he borrowed me money" itatokea, kwa sababu kukopa na kukopesha ni ndugu na borrow na lend si ndugu. Iandike pembeni, usimkatize.

Afya ndiko walimu wengi wanakoharibu. Usimuulize mtu habari za mwili wake mwenyewe. "Have you ever been tested?" si swali la darasani, hata kama mnacheka pamoja kila siku. Tumia mgonjwa wa kubuni. Na usichukue "healthy lifestyle". Mada hiyo imeshakufa kwa kula matunda na kufanya mazoezi.

Chukua dawa ya mseto ya malaria. Usugu wa kiasi wa vimelea dhidi ya artemisinin, kiungo kikuu cha dawa hiyo, umethibitishwa Rwanda, Uganda, Eritrea na hapa kwetu upande wa Kagera, kwa hiyo kuacha dawa njiani kuna uzito kuliko zamani. Kisa: mtu mzima mwenye kilo zaidi ya 35 amepimwa, ana malaria, amepewa ALu, ndiyo dawa hiyo ya mseto, vidonge 24. Vinne kwa kila mmezo, mara sita. Mmezo wa pili ni saa 8 baada ya wa kwanza, wa tatu ni saa 24 tangu kuanza, kisha kila baada ya saa 12. Ameanza Jumatatu saa mbili usiku. Mwanafunzi mmoja ni mfamasia, mwingine ni mgeni asiyejua Kiswahili, wa tatu anasikiliza na ratiba mkononi.

Jibu unalolitaka: Jumatatu saa mbili usiku, Jumanne saa kumi alfajiri, Jumanne saa mbili usiku, Jumatano asubuhi na usiku saa mbili, Alhamisi saa mbili asubuhi. Kwa Kiingereza ni 8 p.m., 4 a.m., 8 p.m., 8 a.m., 8 p.m., 8 a.m. Wengi watasema "two o'clock" na "ten o'clock". Usiwasaidie haraka, mwache mgeni arudie ratiba aliyoisikia, darasa lione lenyewe mgonjwa anakoelekea. Shida nyingine ni neno dozi. Kwetu "maliza dozi" ni vidonge vyote 24, lakini mfamasia akisema "Finish the dose" kwa mgeni, atameza vinne na kuona amemaliza. Wafundishe "Finish the full course" kama kifungu kizima.

Muuguzi wako asigeuzwe daktari wa darasa. Atajaribiwa, na wenzake watamletea maswali ya nyumbani. Mpe kazi ya kuhakiki: yeye ndiye anayesema ratiba ya kundi ni salama au si salama, na kwa nini.

Teknolojia ni rahisi kuliko inavyoonekana, mradi usiongelee "the impact of technology". Mpe kila mtu ule ujumbe maarufu wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Amweleze mgeni aliyefika juzi unavyofanya kazi: tapeli anatuma kwa watu wengi, anamtafuta yule mmoja ambaye kweli alikuwa karibu kutuma pesa, jina linalotokea kabla ya kuthibitisha ndilo la kukagua. Hatua za kuchukua ziwe kwa mpangilio, "first", "before you", "unless": usijibu, tuma namba ya tapeli kwenda 15040 kuripoti, bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Hapa mafundi simu wako watafundisha darasa zima, nawe kaa pembeni uandike.

Unachoandika kiwe kwenye karatasi iliyokunjwa katikati: kushoto waliyokosea, kulia waliyosema vizuri. Mwishoni chukua makosa matano, yale yaliyotoka kwa zaidi ya mtu mmoja, bila kutaja majina, waache wayarekebishe wenyewe. Soma na mazuri mawili, hayo yataje kwa majina. Makosa 20 ubaoni yanaonyesha bidii yako tu, hakuna atakayeondoka na hata moja.

Ila makosa ya ukweli hayangojei mwisho. Mtu akisema mwarobaini unatosha kutibu malaria, au kwamba *106# inarudisha pesa iliyotumwa kimakosa, simamisha hapohapo, sahihisha kwa sentensi moja, endeleeni. Sarufi mbovu ya leo itasubiri hadi dakika ya 80. Taarifa mbovu iliyosemwa kwa Kiingereza kizuri itafika nyumbani kabla yako.