Jibu: Kufika Brunsbüttel kutazama meli zikiingia mferejini

Salamu, ndugu muulizaji. Umeeleza kwamba unakaa Hamburg na ungependa kuona meli zikiingia Mfereji wa Kiel, njia ya meli kaskazini mwa Ujerumani, kule mjini Brunsbüttel, lakini hukuti treni ya kukufikisha. Hutaikuta, kwa sababu treni za abiria haziendi tena huko. Mimi hupanda treni hadi mji wa Itzehoe, kisha basi. Kwa hiyo angalia kwanza saa ya basi la kurudi, hasa Jumapili.

Ukifika, usielekee Elbehafen, ambayo ni bandari ya mizigo iliyo kando ya mto Elbe, nje ya mfereji. Nenda moja kwa moja kwenye malango ya maji, ambako meli husubiri ndani ya chumba kilichofungwa kwa malango hadi maji yake yalingane na ya mfereji, kwa kuwa maji ya mto hupanda na kushuka, na hapo utaziona kwa karibu mno. Jirani yake kuna kivuko cha bure, kama vivuko vyote vya mfereji huu wa takribani kilomita 98 uliofunguliwa mwaka 1895. Panda kivuko hicho, uvuke ng'ambo, utazame meli ukiwa majini; kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya safari nzima.