Futa hiyo orodha ya vyakula kabla hujaingia nyumba ya mtu

Mdogo wangu, nimesoma uzi wako nikaishia pale uliposema umeshachapa orodha ya "vyakula marufuku" kwa Kihispania, nakala hamsini, na Jumatatu unaanza kuwagawia wazee wa Kimeksiko wenye kisukari. Ifute. Hizo nakala wape watoto wachoree nyuma.

Kazi hiyo nimeifanya San Antonio, Texas. Kihispania nilikiokota kiwandani, nikikata kuku bega kwa bega na Wameksiko, kisha kliniki moja ikanichukua niwe promotora, ndiye mhudumu wa afya ngazi ya jamii kama hawa wetu wa nyumbani. Huandiki dawa, huchomi sindano. Unaingia kwa mtu, unakaa jikoni kwake, unamsaidia kuishi na ugonjwa wake. Na kabla hamjaniuliza Mswahili anatafuta nini kwenye jiko la Wameksiko: tortila, chapati yao ya mahindi, na ugali ni watoto wa mama mmoja. Tulielewana siku ya kwanza.

Aliyeniharibia ni msimamizi aliyenifundisha. Alinipa karatasi kama hiyo yako na kuniambia, "Hawa hawasikii, wewe wakataze tu." Tortila marufuku, wali marufuku, maharage marufuku, viazi marufuku. Upande wa pili kulikuwa na vyakula vya kula badala yake, na nusu yake duka la mtaani kwao halijawahi kuviuza. Maharage! Chakula chenye nyuzinyuzi, kinachopandisha sukari polepole, eti marufuku. Yule mtu hajawahi kukaa jikoni kwa mgonjwa hata siku moja, lakini ndiye aliyekuwa akitufundisha namna ya kukaa.

Nyumba yangu ya tatu ilikuwa ya bibi wa miaka 63. Nitamwita Doña tu, yaani Bibi kwa heshima, kama mtaa mzima ulivyomwita. Kipimo chake cha A1C, kile cha sukari ya miezi mitatu, kilikuwa 10.4, wakati watu wazima wengi hutakiwa wawe chini ya 7. Nikamsomea karatasi mstari kwa mstari. Kila mstari alijibu "sí, sí", ndiyo, ndiyo, na mwisho akaibandika kwenye friji kwa sumaku yenye picha ya Bikira Maria wa Guadalupe. Nikatoka nikijiona nimefanya kazi. Nilimuuliza kama anatumia dawa, akasema ndiyo. Nami nikaridhika na hiyo ndiyo.

Doña alitii. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, alitii neno kwa neno. Aliacha tortila, akaacha maharage, na kwa kuwa asubuhi yake yote ilikuwa tortila na maharage, akabaki na kahawa tupu. Vidonge akaendelea kumeza kama kawaida. Siku ya tano mjukuu wake wa miaka tisa alimkuta amekaa sakafuni karibu na jiko, blauzi imelowa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka na anamwita mtoto kwa jina la marehemu kaka yake. Wa gari la wagonjwa walipompima sukari ilikuwa 41, kwa kipimo cha Marekani cha mg/dL. Chini ya 70 tayari ni hatari.

Hospitali walimpandisha sukari, ikashuka tena, wakamlaza usiku mzima. Ndipo binti yake alipoleta mfuko wa dawa. Ndani mlikuwa na metfomini, kidonge cha kisukari cha kliniki yetu, hiyo niliijua. Na mlikuwa na glibenklamidi, kidonge kingine cha kisukari, hapa Marekani wanaiita glyburide, aliyonunuliwa na shemeji yake aliyezoea kuvuka daraja la Laredo kwenda Nuevo Laredo, ambako dawa ni rahisi. Metfomini peke yake si kawaida kumwangusha mtu hivyo. Glibenklamidi hulikamua kongosho litoe insulini, inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala, na hukaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana sukari ilishuka mara ya pili. Mimi nilikuwa nimemwondolea chakula bila kujua ameshika nini mkono wa pili.

Hakuwa na bima. Bili ilipofika, binti yake alinipigia simu. Hakunitukana, alinisomea tarakimu moja moja, akakata. Majirani wawili niliokuwa nao kwenye orodha yangu wakaacha kunifungulia mlango. Msimamizi nilipompa taarifa aliuliza kama Doña alikuwa ametia saini kuwa amepokea karatasi. Nilitoka ofisini mwake nikalilia kwenye gari.

Basi nisikilize. Mfuko wa dawa kwanza, sahani baadaye. Usiseme neno moja juu ya chakula kabla hujauona mfuko wote umemwagwa mezani. Na usiulize "unatumia dawa?" Mtu mzima mwenye adabu atakujibu ndiyo ili usijisikie vibaya. Mwambie, "Mama, nionyeshe unavyokunywa dawa zako asubuhi," unyamaze, umtazame. Cha kliniki, cha ng'ambo ya mpaka, alichopewa na dada yake, majani ya kuchemsha, insulini iliyofichwa nyuma ya maziwa kwa sababu anaogopa inapofusha macho. (Hiyo hofu utaikuta sana. Usimcheke. Amewaona ndugu zake wakianzishiwa insulini wakati macho yameshaharibika, akaunganisha.) Andika kila jina na saa anayomeza, mpigie muuguzi au mfamasia ukiwa bado hapo hapo. Wewe hubadilishi dozi, hata akikuomba.

Mfuko ukishaeleweka, sahani ni rahisi. Tortila moja ndogo ya mahindi ina wanga kama gramu 15, kwa hiyo mnahesabu pamoja naye, mnashuka kutoka tano hadi mbili, maharage yanabaki, nopales, mboga yao ya mpungate, zinaongezeka. Adui mkubwa jikoni kwa Doña ilikuwa soda, na kwenye karatasi yangu ilikuwa mstari wa mwisho kabisa! Kopo la kola la mililita 355 lina sukari gramu 39. Kule kaunti ya Starr, mpakani huku Texas, walipofundisha Wameksiko wenzetu kwa lugha yao na chakula chao, ilichukua saa 52 ndani ya mwaka, na A1C ilishuka. Saa 52, wewe unataka kumaliza kwa karatasi moja.

Umeuliza pia kuhusu cheti cha promotora. Texas ni kozi ya saa 160, au saa 1,000 za kazi kama ulishaifanya. Lakini hata huko kwenye kozi, watakapofika kwenye chakula, nyoosha mkono uulize dawa zimewekwa wapi.

Doña alinifungulia tena baada ya wiki saba. Sikumlaumu kwa hizo saba. Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza: "Mwanangu, ulisema nisile." Hakuwa na hasira, alikuwa ananieleza tu. Halafu akaleta mfuko bila kuombwa, akaumwaga mezani. Tulihesabu vichupa tisa.

Jumatatu ukishatoka nyumba ya kwanza, rudi hapa uniandikie umekuta vingapi.