Shangazi, stetasi za wenzangu zinaninyima usingizi

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina miaka 31, nauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza, watoto wawili. Shida yangu ni hawa niliosoma nao sekondari, mmoja kajenga Buswelu mwingine kanunua gari, IST, yaani nikifungua WhatsApp ni tailizi na keki za besdei tu, basi siku nzima najiona sijafanya kitu. Mbalamwezi ikiwaka ndo balaa, dagaa wanaadimika nakaa na simu tu. Wifi anasema niende kwa mwanasaikolojia, si wataniona chizi? Na ataniambia nini zaidi ya mshukuru Mungu?
Mama Wawili, Kirumba

JIBU: Marahaba mwanangu. Mshukuru Mungu hata mimi nakwambia bure, huyo kazi yake nyingine. Mwaka 1954 mtaalamu wa Marekani, Leon Festinger, aliandika kwamba mtu hupenda kujipima kwa wanaofanana naye, ndo maana mabilionea hawakuumizi, anakuumiza yule mliyekaa dawati moja.

Sasa huyo mwanasaikolojia atakuuliza, ulipoona ile tailizi neno gani lilikujia kichwani? Utasema "mimi sina maana". Mnaliandika, pembeni mnaweka ushahidi unaolibeba na unaolipinga, na hapo ndo utajikuta unaandika kwamba ada ya watoto imetoka kwenye ndoo za dagaa na mkopo wa kikoba unaurudisha kila mara, mambo ambayo hujawahi kuyahesabu hata siku moja (daftari lako la madeni linatosha, usinunue jipya). Njia hii aliianzisha daktari Aaron Beck miaka ya 1960, na kwa kawaida vikao ni 6 mpaka 20 hivi. Siku nyingine utatoka umechoka kuliko ulivyoingia, usikimbie.

Na kujikubali sio kuacha kutafuta, hapo wengi wanachemka. Kiwanja kitafute tu, ila usijichukie wakati unakitafuta.

Stetasi zao weka myuti, hawapati taarifa kwamba umewazima. Hospitali ya Bugando wana huduma ya afya ya akili, ulizia mapokezi na bei uliza mapema. Watakaokuita chizi waache, hawakulipii ada. Ila kama usingizi umekata kabisa, chakula hakipiti au umewaza kujidhuru, usipange tarehe, mchukue wifi yako muende leo leo.