Jibu: Hicho kijiko chekundu ni chambo, usitupe

Mkuu umeuliza hako kajiko ka chuma kekundu chenye mstari mweupe na ndoano ya ncha tatu nyuma, ulichokuta kwenye boksi la babu aliyekuwa mashamba ya chai Mufindi. Ni chambo bandia, na kwa hiyo sura ya shetani iliyochorwa juu yake mimi nasema ni Dardevle, chapa ya Kimarekani ya vijiko vya kuvulia samaki, na usiogope, sio mambo ya waganga hayo 😂

Vijiko vya kuvulia ni vya zamani mno, Mmarekani Julio Buel alipata hataza yake (haki ya ubunifu) 1852, wanasema alidondosha kijiko cha kulia ziwani akaona samaki kakidaka, hadithi tamu tu hiyo. Cha aina yako alikibuni Lou Eppinger wa Detroit 1906, mwanzo kiliitwa Osprey, hili jina la sasa lilikuja baada ya vita kuu ya kwanza kwa heshima ya askari wa Marine wa Marekani.

Sasa kutumia, rusha, acha kizame kidogo halafu vuta mdogomdogo kiyumbe kulia kushoto kama kidagaa kilichoumia, ukivuta mbio kinazunguka tu na mshipi unajisokota, bora ufunge na kizungushio (swivel), kile kiungo kidogo kinachozunguka ili mshipi usijisokote. Katikati simamisha kidogo, mara nyingi hapo ndo samaki anapiga. Trauti, wale samaki wa maji baridi, wa huko mto Kiwira watakipenda ila sato usihangaike nae, yule zaidi ni mtu wa majani. Ndoano ikiwa na kutu badilisha, na leseni ulizia ofisi ya uvuvi kwanza.