Maumivu ya korodani yanayojirudia: mambo ya kuchunguza kabla ya kumeza dawa

Maumivu ya sehemu za siri huwatesa vijana wa kiume kwa namna mbili, kwa sababu yanauma na pia hayasemeki kwa urahisi. Kijana anayeweza kueleza bila kusita jinsi goti linavyomsumbua, akiulizwa kuhusu korodani hujibu kwa neno moja tu, kisha huondoka na dawa iliyoandikwa kwa kukisia. Mimi si daktari, lakini niliishi na maumivu ya upande wa kushoto kwa muda mrefu nikiwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Ushauri wangu ni kwamba uyachunguze maumivu yenyewe kwanza: yalianza ghafla au polepole, yako upande gani, yanazidi ukifanya nini, na yanatulia ukikaa vipi. Majibu hayo humsaidia daktari kuliko unavyodhani.

Kuna hali moja hasa ambayo haingoji uchunguzi wa namna hiyo, nayo ni korodani kujisokota kwenye mishipa inayoipelekea damu. Maumivu yake huja ghafla na kwa ukali, mara nyingi pamoja na kichefuchefu au kutapika, na korodani huonekana imepanda juu kuliko kawaida. Huwapata zaidi wavulana wa miaka 12 hadi 18, ingawa hakuna umri ulio salama kabisa. Uwezekano wa kuiokoa ni mkubwa ikiwa upasuaji utafanyika ndani ya saa 6 hivi, na baada ya hapo hupungua haraka, kwa hiyo kumeza dawa ya maumivu na kungoja kupambazuke ni hatari. Wengine korodani zao hujisokota na kujinyoosha zenyewe, hivyo maumivu makali huja na kuisha, na wanapofika hospitali hawana cha kuonyesha. Mtu wa namna hiyo aende hata kama ameshapata nafuu, na aeleze tukio lilivyokuwa. Daktari wa upasuaji anaweza kuzishona korodani zote mbili zisizunguke tena, kwa kuwa umbile linaloruhusu moja kuzunguka mara nyingi liko pande zote mbili.

Maumivu yanayopanda polepole kwa siku moja au zaidi, yakiambatana na uvimbe nyuma ya korodani, kuungua wakati wa kukojoa, homa au usaha kutoka kwenye uume, huelekeza zaidi kwenye maambukizi ya mrija unaohifadhi mbegu za kiume. Kwa wanaume walio chini ya miaka 35 wanaofanya ngono, wasababishaji wakuu ni klamidia na kisonono, na klamidia inaweza kukaa mwilini bila kuonyesha dalili yoyote. Kipimo chake hutumia mkojo wa mwanzo, yaani ule unaotoka kwanza unapoanza kukojoa. Tiba ya kawaida ni sindano ya seftriaksoni pamoja na vidonge vya doksisaiklini kwa siku 10, na mwenzi wako lazima atibiwe pia, la sivyo mtaambukizana tena na maumivu yatarudi.

Hapa ndipo nina kinyongo kidogo. Niliandikiwa antibiotiki zaidi ya mara moja bila mkojo wangu kupimwa, ilhali sikuwa na homa, sikuungua nilipokojoa, wala sikutokwa na usaha. Usione haya kumuuliza anayekutibu ni kipimo gani kilichoonyesha maambukizi, kwani swali hilo si utovu wa adabu.

Maumivu yangu yalikuwa ya uzito na kuvuta, yakizidi jioni baada ya kusimama kwa muda mrefu, na yakiisha nilipolala chali. Daktari aliyepata jibu alinichunguza nikiwa nimesimama, akaniambia nibane pumzi na kusukuma kama mtu anayejisaidia haja kubwa, na hapo akaigusa mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani. Hali hiyo huitwa varikoseli, na huwapata takriban asilimia 15 ya wanaume. Huwa zaidi upande wa kushoto, ambako mshipa unaorudisha damu ni mrefu zaidi na huingia kwenye mshipa wa figo badala ya kwenda moja kwa moja kwenye mshipa mkuu. Ultrasaundi ilithibitisha alichokuwa amekigusa. Wengi hawahitaji upasuaji, na mimi pia sikufanyiwa: chupi inayoshikilia vizuri, kupunguza kusimama mfululizo na dawa ya kawaida ya maumivu vilinitosha. Upasuaji hufikiriwa maumivu yasipokoma, mbegu zikiwa na kasoro kwa mtu anayetafuta mtoto, au korodani ya kijana anayekua ikibaki ndogo kuliko mwenzake. Mishipa ikivimba upande wa kulia peke yake, au isipopungua ukilala, daktari anapaswa kuchunguza na tumbo pia.

Wapo ambao vipimo vyote hutoka safi huku maumivu yakiendelea kwa miezi mitatu au zaidi. Kwao chanzo mara nyingi ni kukaza kwa misuli ya sakafu ya nyonga, yaani ile inayoshikilia kibofu na utumbo kutoka chini, na dalili zake ni maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa, maumivu baada ya kumwaga mbegu, na kuzidiwa wanapokaa sana. Wengi huambiwa kwamba tezi dume imeambukizwa, ingawa mara nyingi hakuna bakteria wanaoonekana. Tiba ya mazoezi inayofundisha kuilegeza misuli hiyo huwasaidia wengi wao, na maji ya uvuguvugu hutuliza. Mazoezi ya kuikaza misuli ileile yanaweza kuwazidishia tabu.

Usisahau pia kwamba chanzo kinaweza kuwa mbali na mahali panapouma. Jiwe la figo hupeleka maumivu hadi kwenye korodani, na ngiri hufanya vivyo hivyo, hasa unapokohoa au kunyanyua mzigo. Malengelenge yanayojirudia kwenye uume huashiria hepesi, ambayo haiondoki mwilini lakini hudhibitiwa kwa vidonge.

Jambo la mwisho linahusu uvimbe usiouma. Saratani ya korodani huwapata zaidi wanaume wa miaka 15 hadi 35, na kwa kawaida huanza bila maumivu. Jipapase mara kwa mara baada ya kuoga maji ya uvuguvugu, ngozi ikiwa imelegea. Kijimrija laini kilicho nyuma ni cha kawaida, lakini kigumu chochote kwenye korodani yenyewe kipelekwe kwa daktari wiki hiyohiyo.