Unasomea NP? Tafuta msimamizi wa kliniki mapema, tena kwa miguu

Manesi wenzangu mnaosomea NP (nurse practitioner, nesi wa ngazi ya juu anayepima wagonjwa na kuandika dawa) hapa Marekani, hasa kwenye vyuo vya mtandaoni, jambo hili lisiwakute usingizini. Vyuo vingi vinakuachia umtafute mwenyewe msimamizi wa kliniki (preceptor), yaani NP au daktari atakayekusimamia ukijifunza kwa kuhudumia wagonjwa wake. Bila msimamizi hupati saa za mafunzo, na bila saa huhitimu. Viwango vya kitaifa vya 2022 vinataka saa zisizopungua 750 za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja. Zamani zilikuwa 500.

Mimi nilianza miezi mitatu tu kabla ya muhula. Nikitoka zamu ya usiku nilikaa kutuma baruapepe, zaidi ya arobaini. Wawili walijibu, wote wakakataa. Baadaye kliniki moja ilinikubali, kisha zikiwa zimebaki siku kumi wakaniambia nafasi imekwenda kwa mwingine. Muhula mzima ukapotea, na uchungu wake ninao hadi leo.

Safari ya pili nilichukua likizo ya siku mbili nikazunguka kliniki ndogo ndogo na bahasha mkononi: wasifu wa ukurasa mmoja, nakala ya leseni ya unesi, rekodi ya chanjo na, juu kabisa, karatasi yenye mistari minne. Nahitaji saa 120 muhula huu. Siku mbili kwa wiki. Naanza tarehe fulani. Mkataba na bima ni juu ya chuo. Kwenye kliniki ya tatu, dada wa mapokezi aliinama akaninong'oneza, "Usimsubiri daktari. Rudi saa sita na nusu, umwone meneja." Nikarudi. Meneja alisoma ile karatasi ya juu peke yake, akaniuliza kama naujua mfumo wao wa rekodi za wagonjwa. Nilikuwa nautumia kazini kila siku. Wanachohofia watu wa kliniki ni mwanafunzi atakayewachelewesha, basi jibu hofu hiyo kabla hawajaitamka.

Lakini hata kabla ya kuzunguka, anza na wanaokujua. Yule NP unayempigia usiku mgonjwa akizidiwa ameshaiona kazi yako. Waulize pia waliokutangulia chuoni walisimamiwa na nani, kwa sababu kliniki yenye mkataba na chuo chenu ni dhahabu: mkataba mpya huweza kula miezi. Unapomwomba NP, mkumbushe kwamba saa za kusimamia zinahesabiwa anapohuisha cheti chake kila miaka 5. Majimbo kama Georgia na Maryland huwapunguzia kodi baadhi ya wasimamizi.

Kuna kampuni za kukutafutia msimamizi kwa malipo, na malipo yenyewe huwa makubwa. Kwangu hiyo ni njia ya mwisho kabisa. Usitoe hata senti kabla chuo hakijamkubali msimamizi huyo kwa maandishi.

Na wewe ambaye hujajiandikisha, piga simu chuoni leo uulize: msimamizi mnanitafutia, au najitafutia? Omba wakujibu kwa baruapepe, uihifadhi.