Kilio hakidhibitiwi: swali la visawe vya "zuia"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika hadithi fupi ya msiba. Mhusika wangu, mama aliyefiwa na mwanawe, anazuia kilio mbele ya wakwe. "Alizuia" limejaa mno kwenye kurasa zangu, na nimeambiwa nisirudierudie neno. Mtandaoni nimepata visawe vyake: kandamiza, dhibiti, komesha, zima, kaba, songa, bana, ziba. Nikivitumia kwa zamu nitakuwa nimekosea? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Utakuwa umekosea, na si wewe wa kwanza. Swali hili hunijia kila mara, kinachobadilika ni kitenzi tu. Orodha yako naifahamu pia. Imenakiliwa kutoka ukurasa hadi ukurasa, na hakuna hata mmoja kati ya wanaoinakili aliyejaribu kuandika sentensi nane kwa maneno hayo manane. Angejaribu, asingeiweka hadharani.

Ukiandika "alidhibiti kilio chake", mama yako umemvika sare. Kudhibiti ni lugha ya ofisini: hudhibitiwa mfumuko wa bei, ubora wa bidhaa, mlipuko wa kipindupindu. "Alikomesha kilio" maana yake kilio kilishatoka, kikasikika, ndipo kikaisha. Tena neno hilo lina adhabu ndani yake. Mtu akikwambia "nitakukomesha" huhitaji kamusi. "Alizima kilio" lina afadhali, kwa sababu huzimwa moto, uasi na hata ndoto za mtu, ila chunga kiambishi: ukiteleza ukaandika "alizimia", mama kaanguka chini na wakwe wanatafuta maji. Na "kandamiza" linataka aliye juu na aliye chini. Mtawala hukandamiza raia. Siku hizi washauri wa mahusiano wametujaza "kukandamiza hisia" kila kona, na waandishi vijana wanaokota tu.

Yanayonikera zaidi kwenye orodha hizo ni "kaba" na "songa", kwa sababu penye huzuni mambo huwa kinyume. Anayekaba si mama, ni kilio. "Kilio kilimkaba koo" ni Kiswahili safi: alitaka kusema, akashindwa. Vivyo hivyo mtu husongwa na mawazo, husongwa na majonzi. Igeuze sentensi uandike "mama alikikaba kilio", msomaji wa Dar es Salaam ataona mtu anapigwa roba uchochoroni. Ukiandika "alisonga kilio", atauliza mboga iko wapi. Songa lina mahali pake. Waliosoma mfano wa mpanzi katika Biblia wanaikumbuka miiba iliyomea "ikazisonga" mbegu. Magugu hufanya hivyohivyo kwenye mahindi: hayaui kwa siku moja, yanambana mwenzao mpaka akose nafasi.

Bana ni la mwili na la muda mfupi. Watu hubana kicheko ibadani, hubana pumzi, hubana mkojo kwenye basi la mikoani. Kwa mama aliyefiwa ni jepesi mno. Ziba linataka tundu. Mdomo anaweza kuuziba kwa kiganja, lakini kilio chenyewe hakizibiki.

Sasa, wanaokaa msibani wanasemaje? Wanasema "jikaze, mama". Baadaye watasimulia kwamba alijikaza, alijizuia, alimeza machungu. Maneno yako hayo hapo, na hakuna hata moja lililotoka kwenye orodha yako. Kuna njia nyingine iliyo bora zaidi, nayo ni kukiacha kitenzi kabisa: "Aliuma pindo la khanga, mabega yakamtikisika, sauti haikutoka." Hapo umemzuia asilie na hukulitaja neno.

Hayo ya kurudiarudia usiyaogope sana. Kiswahili hunyumbulisha. Andika "Alijizuia mpaka jeneza lilipoinuliwa, hapo tena kilio hakikuzuilika," uone kama kuna msomaji atakayekushtaki kwa umaskini wa msamiati. Aliyekwambia usirudie neno alipaswa kukwambia usirudie sentensi.

Kosa lenyewe ni kudhani kwamba visawe ni maneno yanayopokezana popote. Hayapokezani. Huenda yakakutana mahali pamoja au pawili, kisha kila moja linakwenda kwa nomino zake lilizozizoea. Vijitabu vinavyouzwa nje ya mageti ya shule havisemi hivyo, kwa sababu mfano wa matumizi hula nafasi na safu mbili za maneno zinachapika haraka. Programu za kutafsiri nazo hutoa neno bila kuuliza linakwenda wapi.

Kwenye hadithi hasara ni ndogo, msomaji atacheka aendelee. Kwingine si hivyo. Tanzania tunasema dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na neno limechaguliwa vizuri: virusi havijatoka mwilini, vimepunguzwa makali, na vitabaki hivyo mgonjwa akimeza dawa bila kuruka. Nimeshika kipeperushi kilichoandika "kukandamiza virusi". Kingine kilikwenda mbali zaidi, kikaandika "kukomesha virusi". Mgonjwa akisoma kwamba vimekomeshwa, ana sababu gani ya kumeza kidonge kesho?

Kwenye habari za siasa kitenzi huchagua upande hata kama mwandishi hakukusudia. Polisi wanatuliza ghasia, mkuu wa wilaya amedhibiti hali, wapinzani wanalalamika kwamba uhuru wao unaminywa, redio ya nje inasema maandamano yamezimwa. Barabara ni hiyohiyo na mabomu ya machozi ni yaleyale. Mhariri anayebadilisha hayo ili aya isichoshe amehama upande mara tatu kabla ya nukta.

Halafu kuna vifo vya kukosa hewa, na hapa ndipo sitaki mchezo. Mtoto aliyelaliwa usingizini, mtu aliyepaliwa na chakula, familia iliyolala na jiko la mkaa chumba kimefungwa, mtu aliyezibwa pumzi kwa mto, aliyekabwa, aliyenyongwa. Wote wamekosa hewa, na orodha za mtandaoni zingewaweka mstari mmoja. Lakini aliyepaliwa hana mkosaji. Aliyelaliwa ana mama anayehitaji kufarijiwa. Aliyenyongwa ana muuaji. Ripota anayeandika "walinyongwa" aya ya tatu kwa sababu "walikosa hewa" alishalitumia aya ya kwanza, ametangaza mauaji, na ndugu wa marehemu wataanza kumtazama jirani.